Zawadi za kufunga mwaka zinakwenda kwa walewale tu, nyie shuleni kwenu mnafanyaje?

Mwalimu_wa_Zamu:

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana kichwa kimeshaanza kupata moto. Mi ni mwalimu wa sekondari na mwaka huu nimetwishwa uenyekiti wa kamati ya siku ya kufunga mwaka, ile siku ya kutoa zawadi kwa waliofanya vizuri na kidato cha mwisho kinaagwa hapohapo. Sikuomba hiyo kazi, nilichelewa kikao kama dakika kumi nikakuta nishachaguliwa kwa kauli moja, mnaovijua vikao vya walimu mtanielewa.

Sasa jana nimekaa na listi ya zawadi ya mwaka jana nikaanza kuhesabu kwa kidole. Zawadi 24, majina 9. Binti mmoja peke yake alipanda jukwaani mara 7, na mara ya tano emsii akamtania kwamba bora aletewe kiti akae hukohuko juu, ukumbi mzima ukacheka ila yeye hakucheka, nilikuwa karibu nilimwona. Wanafunzi tunao 200 na kitu, maana yake hawa wengine wote waliletwa kupiga makofi tu kwa saa tatu na nusu, huku nyuma wengine wamelala wengine wanachorana mikononi kwa peni.

Kilichonisumbua zaidi ni kijana mmoja ambaye ndo anashika funguo za maabara, anafika mapema anapanga vifaa, anaosha chupa, darubini ikigoma yeye ndo anatafutwa. Kwenye masomo ni wa katikati. Mwaka jana hakutajwa popote, hata kwa bahati mbaya, na mwaka huu ndo anamaliza.

Kamati imegawanyika. Walimu vijana wanasema kila mwanafunzi apewe cheti asiwepo wa kuondoka mikono mitupu. Wazee wanasema zawadi ya kila mtu siyo zawadi, ni karatasi. Mi nikisikiliza upande huu naona wana haki, nikigeukia ule nao naona wana haki. Nyie mnafanyaje? Na wazazi mliomo humu na nyie mliomaliza zamani semeni pia, hiyo siku mnaikumbukaje?

Kalamu_Nyekundu:

Pole na hongera kwa mpigo mwalimu mwenzangu. Mi nina zaidi ya miaka ishirini kwenye chaki na sikufichi, niko na wazee. Usije ukafuta zawadi ya aliyeongoza. Mtoto aliyekesha na hesabu mwaka mzima akaongoza ana haki ya kusikia jina lake mbele za watu bila mtu kumwombea radhi. Kwenye mpira aliyefunga magoli mengi anabebwa juujuu na hakuna anayesema tumbebe na kipa wa akiba asijisikie vibaya, ila ikifika kwenye vitabu ndo huruma zinaanza, sijui kwa nini.

Tatizo lako siyo binti kuchukua 7, tatizo ni kumpandisha mara 7. Sisi tuliacha zamani sana. Mwanafunzi anaitwa mara moja, yanasomwa yote aliyoongoza, anapewa, anashuka. Hapo tu zawadi zako 24 zimeshakuwa safari 9, na huo muda uliobaki unaingiza watu 15 wengine bila shughuli kuongezeka hata dakika moja.

Halafu vigezo vitangazwe mwanzoni mwa mwaka, siyo kamati inakaa wiki ya mwisho inaanza kukumbushana "hivi yule mrefu anaitwa nani vile". Ukikaa wiki ya mwisho unapata watoto wanaoonekana tu, viranja na waimbaji na wale wa midahalo, ambao kila mwalimu anawajua kwa jina. Wako wa funguo hawezi kutokea kwenye kikao cha namna hiyo, anayemjua vizuri ni fundi wa maabara, na nakuhakikishia fundi wa maabara hajawahi kualikwa kwenye hiyo kamati yenu.

Cheti cha kila mtu mi hapana. Shule moja niliyopita walijaribu, baada ya sherehe tuliviokota chini ya viti.

MamaWatatu:

Nawasalimu walimu. Mi ni mzazi tu, mtanisamehe nikiongea kwa uchungu kidogo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa wa kuitwaitwa kila mwaka. Wa pili hakuwahi kuitwa toka aingie sekondari, nimekaa kwenye hizo sherehe mwaka wa kwanza wa pili wa tatu nikimpigia makofi mtoto wa mwenzangu na wala sina kinyongo, watoto hawafanani. Sasa mwaka wake wa mwisho nadhani shule iliona haya, wakampa cheti cha "nidhamu bora". Mi nikafurahi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Njiani kurudi akaniambia mama hiyo ndo zawadi ya waliokosa zawadi, kila mwaka wanampa mtu ambaye hawajui wamwambie nini. Aisee nilinyamaza mpaka nyumbani.

Hawa watoto wana pua jamani, wananusa. Na simaanishi nidhamu si kitu, namaanisha hawakumwambia alifanya nini. Mtoto huyohuyo rafiki yake alivunjika mkono muhula wa pili, akawa anaandika noti mara mbili kila siku, zake na za mwenzie, muhula mzima, na mi nilikuja kuambiwa na mama wa yule rafiki, siyo na shule. Mwalimu wa darasa alikuwa analiona hilo kila siku ya Mungu. Angesimama akasema hivyohivyo tu, huyu muhula wa pili aliandika noti za watu wawili, hata bila cheti, mwanangu angetembea kifua mbele mwezi mzima.

Kalamu mfano wako wa mpira nimeupenda ila mfungaji mwenyewe akishafunga huwa anamkimbilia aliyempa pasi.

Kalamu_Nyekundu:

Mama hapo umenifunga goli na wewe. Nakubali.

Takwimu_tu:

Naingia na za vitabuni kidogo mtanivumilia. Kuna utafiti wa 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett kule Marekani, walichukua watoto wa chekechea ambao tayari wanapenda kuchora wenyewe bila kulazimishwa. Kundi moja likaambiwa ukichora unapata cheti, cheti kizuri kabisa kina muhuri wa dhahabu na utepe. Kundi la pili likachora kwanza halafu likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili kalamu zikarudishwa darasani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti wakachora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Yaani kuchora kulishageuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anataka.

Sawa, hao ni watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, usichukue ukabandika kwa kijana wa 17 moja kwa moja. Ila kuna huu mwingine wa wakubwa, California, zaidi ya wanafunzi 15,000 wa darasa la 6 mpaka la 12, kuhusu tuzo za mahudhurio. Walioahidiwa kwamba mwezi fulani ukija bila kukosa utapata tuzo, haikuwasaidia chochote. Walioletewa tuzo kwa kushtukizwa kwa sababu ya mahudhurio yao ya nyuma ndo wakaanza kukosa shule zaidi! Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto akipewa tuzo kwa kuja shule anasoma ujumbe wa chinichini, kumbe nimewazidi wenzangu na nimezidi hata wanachotegemea walimu, basi naweza kulegeza kidogo.

Mkiangalia vizuri tafiti hizi mbili hazikubaliani kuhusu kushtukiza, kule hakukuharibu huku kumeharibu. Kwa hiyo msitafute fomula. Mi ninachookota ni kwamba mtoto anapopokea tuzo anajiuliza "hawa wananiambia nini", na atajijibu mwenyewe kama hamkumwambia.

Mwalimu_wa_Zamu:

Takwimu sasa umenivuruga kabisa. Sisi cheti cha mahudhurio tunacho tena ndo kinafungua sherehe. Nikifute?

Takwimu_tu:

Mi ningefuta, na siyo kwa sababu ya California peke yake. Nani anakosa shule? Anayeumwa, anayeuguza mtu nyumbani, anayekaa mbali. Kwa hiyo mara nyingi mnampa mtu tuzo kwa kutougua. Kama kuna mtoto ana safari ngumu na bado anafika mapema kila siku, huyo mtajeni kwa hiyo safari yake, na hata kama alikosa siku tatu haidhuru.

wa_pili_daima:

Mada imenigusa pabaya. Mi nilikuwa wa pili darasani miaka yote, yote nasema, na wa kwanza alikuwa mtu mmoja huyohuyo. Wa tatu walikuwa wanabadilika na kila anayekuja anaruka kwa furaha kama kashinda yeye, afu mi nimesimama katikati yao natabasamu kwa meno tu, moyoni napiga hesabu ya zile maksi 4. Mpaka leo nakumbuka ni swali gani. Picha zote za sherehe nimeshika zawadi nimenuna, mama yangu alikuwa anazificha wageni wakija.

Takwimu_tu:

Mkuu hauko peke yako hahaha. 1995 Medvec, Madey na Gilovich walitazama mikanda ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992 wakakuta walioshika shaba wanaonekana na furaha kuliko walioshika fedha. Wa fedha anamtazama wa dhahabu, wa shaba anamtazama aliyekosa kabisa. Na hiyo dhahabu fedha shaba yenyewe si ya kale kama watu wanavyodhani, imeanza 1904 kule St. Louis. Athens 1896 wa kwanza alipewa fedha, wa pili shaba, wa tatu akatoka kapa.

wa_pili_daima:

Kwa hiyo ningezaliwa mapema ningekuwa na shaba na ningenuna vilevile.

Ila ushauri wangu kwa mwalimu, kama mnaweza acheni kusoma kwa kushuka, wa kwanza wa pili wa tatu. Wekeni kiwango, tuseme kila aliyefikisha wastani fulani anasimama, na majina yasomwe kwa alfabeti. Aliyeongoza kabisa mtajeni mwishoni peke yake. Kwa huo mpango mi ningekuwa mmoja wa waliofaulu sana, siyo mtu aliyeshindwa na jirani yake mara nne.

Chura_wa_Kisima:

Vipi zawadi ya aliyepanda zaidi? Kwetu tuliikuta ipo na watu wanaipenda, mtoto katoka 30 kaja 55 mnamsimamisha, hata wa mkiani wana la kutafuta.

Kalamu_Nyekundu:

Chura ni nzuri ila ina miba. Mwaka wa kwanza tulivyoianzisha akashinda mtoto mwerevu tu ambaye muhula wa kwanza alifanya mtihani ana homa akapata 28, muhula wa pili kapona karudi kwenye 70 zake za siku zote. Tukampa zawadi ya maendeleo kwa kupona. Mwaka uliofuata vijana wameshaijua njia, wawili nina uhakika muhula wa kwanza walijiangusha makusudi, sina ushahidi ila mwandiko wa mtu anayekosea kwa kutaka unajulikana. Na kuna hili, aliyeko 92 atapanda kwenda wapi? Kumtoa mtu 92 mpaka 95 ni jasho kuliko 30 mpaka 45 lakini kwenye karatasi inaonekana maksi 3 tu.

Tulichofanya ni kulinganisha na wastani wa mitihani mingi ya mwaka uliopita, siyo mtihani mmoja, na lazima mwalimu wa somo aeleze huyo mtoto alibadilisha nini. Kama hawezi kueleza, hapandi. Mwaka jana alipata binti ambaye mwalimu wake alisema toka mwezi wa tatu alianza kurudisha daftari lenye masahihisho bila kuagizwa, kila swali alilokosa kalirudia. Hiyo inaeleweka, na mtoto mwingine akisikia anaweza kuiga kesho.

emsii_mstaafu:

Nimeshika maiki kwenye hizi sherehe miaka mingi kabla sijachoka nikawaachia vijana, ngoja niseme ya uani ambayo kamati huwa zinasahau zikishamaliza falsafa.

Hesabu ya muda ifanyike kwa sekunde. Mtoto kutoka kwenye kiti, kupanda, kupokea, kupiga picha, kushuka, usipopanga ni dakika nzima. Ukipanga wakae mstari wa mbele kwa mfuatano, wapande kushoto washukie kulia, ni sekunde 15. Watoto 200 kwa sekunde 15 ni dakika 50, kwa hiyo hata hao wanaotaka kila mmoja atajwe wala siyo wendawazimu, inawezekana, kinachomaliza saa tatu na nusu zenu ni hotuba. Mgeni rasmi aambiwe mapema ana dakika kumi, na asiwekwe mwisho, mwisho watu hawamsikii na ye anaona hawamsikii anapandisha sauti.

Majina. Jina likikosewa kwenye cheti bora usingempa. Wiki mbili kabla bandikeni listi ukutani kila mwanafunzi asahihishe lake mwenyewe kwa peni, halafu emsii akae na walimu wa madarasa ayasome yote kwa sauti. Mi nilishawahi kumwita binti kwa jina ambalo silo, ukumbi ukacheka, na nilikutana naye miaka baadaye akanikumbusha, akacheka yeye ila mi sikupata usingizi. Na utani kwa mtoto aliye jukwaani hapana. Huyo aliyemwambia binti aletewe kiti anastahili kuketishwa yeye.

Lingine, wapo watoto ambao kuitwa mbele ni adhabu. Unamwona anatetemeka, anapokea anakimbia. Waulizwe kimyakimya mapema, anayekataa apewe barua mkononi na mwalimu anayempenda. Picha pia, kabla hamjazirusha mtandaoni ulizeni wazazi, na maksi za mtoto zisionekane kwenye picha. Na mtoto ambaye hakuna mtu wake aliyekuja, awepo mwalimu ambaye kazi yake siku hiyo ni kusimama naye tu kwenye picha, msimwache anazunguka na cheti anatafuta wa kumwonyesha.

MamaWatatu:

Hilo la mwisho emsii Mungu akubariki. Nimewaona hao watoto.

Mwalimu_wa_Zamu:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kupotea, tulikuwa na vikao viwili mfululizo na kimoja kilitaka kuvunjika.

Tumefika hapa. Zawadi za masomo zinabaki, anayeongoza anaitwa mara moja na anasomewa yote. Wa pili na wa tatu tumefuta, badala yake kiwango na alfabeti kama alivyosema ndugu yetu aliyenuna. Cheti cha mahudhurio tumekizika, mwalimu wa taaluma kalalamika ila kazidiwa kura. Zawadi ya maendeleo tumeiahirisha mpaka tupate vigezo vya Kalamu mapema mwakani.

La kila mtu kupata cheti limekufa, ila limezaliwa lingine ambalo hata wazee wamelikubali. Kidato cha mwisho peke yao ni 58. Kila mmoja akiwa anaagwa atasomewa sentensi moja, moja tu, ya kitu alichokifanya hapa shuleni ambacho mtu fulani alikiona kwa macho. Inaweza kutoka kwa mwalimu, mlinzi, mpishi, fundi wa maabara, mwanafunzi mwenzake. Maneno kama nidhamu na bidii na ushirikiano yamepigwa marufuku yakiwa peke yake, lazima useme alifanya nini na lini. Nimepiga hesabu ya emsii, sekunde 20 kila mmoja, haifiki hata dakika 20 zote.

Kijana wa funguo nilimfuata nikamuuliza kama atakubali kusimama. Akafikiri, akasema sawa, ila asiwe wa kwanza kuitwa, na je fundi wa maabara atakuwepo? Nimemwalika fundi kwa barua rasmi, kaisoma mbele yangu mara mbili.

Mpaka leo asubuhi nina sentensi 41. Wapishi walileta zao siku ya kwanza, 6, na ndizo nzuri kuliko zote. Za walimu nimerudisha 9. Wa hesabu kaniandikia "mwanafunzi mzuri sana", nikamrudishia, kaniletea "mwanafunzi mzuri sana tena mwenye bidii".

Kalamu_Nyekundu:

Mrudishie tena. Mi nafundisha hesabu, tupo hivyo, mara ya tatu huwa tunaandika.